UZI: Nimetengeneza mfumo wa kupanga safari Nakuru–Mombasa–Tanga–Dar–Zanzibar (treni, basi, boti). Kompyuta imekubali, mpaka umenigomea

FundiRatiba:

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Nauleta hapa kwa sababu jukwaa hili lina makonda, wafanyabiashara wa mpakani na vijana wa kompyuta, na mimi nawahitaji wote watatu.

Ilianza na shemeji yangu wa Nakuru. Alikuwa na harusi Zanzibar, akanipigia: "Shem, nikitoka huku Ijumaa asubuhi nitafika lini, na napitia wapi?" Swali la dakika moja, si ndiyo? Sasa hesabu vyombo. Matatu hadi Nairobi. Treni ya SGR hadi Mombasa, stesheni ya Miritini. Mjini, feri ya Likoni, kisha gari hadi Lunga Lunga. Mpaka. Gari la Horohoro hadi Tanga. Basi la Tanga hadi Dar. Boti. Nilipiga simu kwa watu watano, na kila mmoja alikijua kipande chake barabara. Safari nzima hakuna aliyeijua.

Kazi yangu ya kila siku ni programu za maghala. Nikajiambia hii ni wikiendi mbili tu. Leo ni mwezi wa nane tangu nianze.

Injini sikuitengeneza mimi. Ipo OpenTripPlanner, programu ya bure ya kutafuta njia, iliyozaliwa Portland, Marekani, mwaka 2009. Unailisha vitu viwili: ramani ya OpenStreetMap kwa ajili ya kutembea kwa miguu, na ratiba zilizoandikwa kwa mtindo wa GTFS, ambao nao ulianzia Portland hiyohiyo mwaka 2005, kampuni ya usafiri ya mji ilipokaa na Google. GTFS ni mafaili ya maandishi matupu yaliyobanwa pamoja kwenye faili moja la zip: moja la vituo, moja la njia, moja la safari, moja la saa za kufika na kuondoka, moja la kalenda. Hata mtoto wa sekondari anaweza kuyaandika.

Inatafutaje njia? Kanuni yake inaitwa RAPTOR, ilichapishwa 2012, na ni rahisi kuliko jina lake. Raundi ya kwanza: niorodheshee kila mahali ninapoweza kufika kwa chombo kimoja, na saa ya mapema kabisa ya kufika. Raundi ya pili: kuanzia hapo, wapi nafika kwa chombo cha pili? Na kuendelea. Raundi ikipita bila kuboresha kitu, simama. Kwenye laptopu yangu jibu linatoka kabla sijameza mate.

Kwa hiyo hesabu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni hivi:

Kwanza, data. Nairobi ina bahati. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, pamoja na kampuni ya Groupshot, walizipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi steji moja baada ya nyingine. Ule mradi wa Digital Matatus ulitoa ramani yake 2014, njia zaidi ya 130, na mwaka 2015 zikaingia Google Maps. Lakini ni ndani ya jiji tu. Horohoro hadi Tanga hakuna aliyewahi kuandika kitu, nimeandika mwenyewe kwa mkono.

Pili, majina. Mtu akisema "nishushe Magufuli" Dar, anamaanisha stendi ya mabasi ya Mbezi au stesheni ya SGR kule mjini? Zote zina jina hilo, na kati yake kuna foleni nzima ya Barabara ya Morogoro. Mfumo wangu uliziunganisha ukadhani ni kituo kimoja: unashuka basi la Tanga Mbezi, unaingia treni ya Dodoma dakika nne baadaye. Na kuna wazee bado wanasema "Ubungo" wakimaanisha stendi ya mkoa, ingawa iliondoka pale tangu 2021.

Tatu, saa, na hapa niliaibika. Nilinakili ratiba ya kampuni moja ya basi, sitaitaja, kutoka picha ya tiketi: "Dar–Arusha 12:00". Kompyuta ikasoma saa sita mchana. Mama mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa mjaribu wangu wa kwanza, akafika stendi saa sita kasoro robo, kajipamba, na kikapu cha maandazi. Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Abiria wenzake walikuwa Korogwe wanakula chipsi. Hajaniongelesha vizuri mpaka leo.

Nne, mpaka. Nilidhani mpaka ni mstari kwenye ramani. Injini nayo ikadhani hivyohivyo: iliona kijia cha miguu karibu na Vanga kwenye OpenStreetMap, ikamwambia shemeji atembee kilomita tatu porini aingie Tanzania. Wakuu, mfumo wangu ulikuwa unauza njia za panya!

Nimekata vijia vyote vinavyovuka mpaka, nimeacha vituo rasmi tu, na kila kimoja nimekipa dakika 15. Najua si kweli. Nisaidieni: mpaka unachukua muda gani, na niuwekeje?

Kitangiri:

Nimetandika mkeka. Wajuzi shukeni.

Mbishi_Halisi:

Mkuu hongera, ila mbona unachimba kisima pembeni ya mto? Google Maps ipo. Na mtu wa kawaida anauliza stendi, anajibiwa bure.

FundiRatiba:

Mkuu, iulize hiyo Google Maps safari ya Mombasa hadi Tanga kwa usafiri wa umma, halafu rudi na picha. Itakupa ya gari dogo la kwako. Mimi sina gari, na shemeji hana.

Kuhusu kuuliza stendi: mpiga debe anakujibu basi *lake*. Hawezi kukwambia kwamba ukisubiri saa moja kuna treni.

KondaMstaafu:

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Nimepiga njia ya Nairobi–Namanga–Arusha–Dar miaka kumi na saba. Ngoja nikufundishe mpaka.

Zamani abiria walishuka mara mbili. Unashuka upande wa Kenya, unagonga muhuri wa kutoka, unatembea, unapanga foleni tena upande wa pili. Siku hizi kuna vituo vya pamoja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya mwaka 2016. Utaratibu ni kwamba unashuka mara moja tu, kwenye jengo la nchi unayoingia. Ukitoka Nairobi kwenda Arusha unapita jengo la Kenya moja kwa moja, unashuka upande wa Tanzania, na humohumo unamkuta afisa wa Kenya anakugongea kutoka, dirisha linalofuata ni la Tanzania. Ukirudi ni kinyume chake.

Maana yake wewe fundi: Namanga sio kituo kimoja. Ni vituo viwili, na kinachotumika kinategemea umeelekea wapi. Ukimwekea abiria kituo kimoja tu, umempoteza.

La pili, muda wa mpaka hauhusiani na wewe, unahusiana na basi. Shatoo ya watu ishirini na kidogo inamaliza upesi. Basi la watu zaidi ya hamsini linamsubiri wa mwisho, na wa mwisho siku zote ni yule mwenye tatizo la karatasi, au mwenye begi ambalo forodha wamelipenda. Na yakiingia mabasi matatu kwa mpigo, wa basi la tatu ajilaze. Mabasi mengi ya Nairobi yanatoka asubuhi saa zinazofanana, kwa hiyo yanafika mpakani pamoja. Msongamano wa Namanga unaanzia River Road, si Namanga.

FundiRatiba:

Shikamoo mzee. Hiyo sentensi ya mwisho naibandika ukutani.

MamaKitenge_Holili:

Mimi navuka Holili–Taveta karibu kila siku ya soko, naomba niseme.

Nyinyi mnaongelea mabasi yanayovuka na watu wake. Kwetu gari halivuki. Unafika na kosta au noah kutoka Moshi, linakuacha, unapita uhamiaji, halafu kutoka pale mpaka Taveta mjini ni bodaboda. Hakuna ratiba ya boda, kuna boda tu. Sasa ukiandika kwenye simu "tembea", nani anatembea huko na furushi la vitenge kichwani juani? Mfumo wako haujui mzigo, kaka. Ungeuliza: una begi la mkononi au una mzigo? Hilo peke yake linabadilisha njia nzima. Mwenye mzigo anachagua njia yenye kushuka mara chache hata ikiwa ndefu.

Na karatasi. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wao kwa wao wanavuka kwa kitambulisho tangu 2014. Mtanzania kama mimi hiyo hainihusu, nahitaji pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano huulizwa. Kama mfumo unamwambia mtu wa Moshi "panda basi la saa mbili ufike Voi mchana" wakati hana hata hati, hujamsaidia. Muulize kwanza ana nini mkononi.

FundiRatiba:

Mama, asante sana. Kwenye injini kila njia ya kutembea ina mwendo wake, naweza kuupunguza kwa mwenye mzigo na kuongeza adhabu kwa kila kubadilisha chombo. Hicho kitufe naweka wiki hii. Cha hati nacho nakiweka mwanzoni kabisa, kabla hata ya "unatoka wapi".

Mswahili_Basel:

Salaam kutoka Uswisi. Nafanya kazi za data za usafiri huku, nitawapa picha ya wenzetu, mchukue kinachofaa.

Ulaya walikuwa na tatizo lenu kichwa chini miguu juu. Nyie data haipo. Wao data ipo nyingi mno, kila nchi na kila mkoa una mfumo wake, na hakuna anayetaka kumpa mwingine funguo. Kuna njia mbili za kuunganisha.

Ya kwanza: kusanya mafaili yote kwenye chungu kimoja, injini moja inapika. Ndivyo wanavyofanya Google, na ndivyo unavyofanya wewe. Inatoa majibu mazuri, ila lazima mtu mmoja aoshe data ya wote. Ukiunganisha mafaili mawili, utakuta kituo namba 104 kiko Nairobi na 104 kingine kiko Tanga, kwa hiyo bandika herufi za nchi mbele ya kila namba kabla ya kuchanganya.

Ya pili: kila mfumo ubaki kwake, ila iongee. Abiria akiuliza safari ya kutoka Uswisi hadi kijiji cha Slovenia, mfumo wa kwanza unajua mpaka wake unaishia wapi, unamuuliza jirani "kutoka hapa hadi kule una nini?", unapokea jibu, unashona. Lugha ya mazungumzo hayo ina kiwango chake, OJP, kilichotoka 2017, na nchi za Alps zilikifanyia kazi kwenye mradi wa LinkingAlps. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 2017/1926, inayotaka kila nchi mwanachama iwe na mlango mmoja wa kitaifa ambapo data za usafiri zinapatikana.

Uzuri wake hakuna anayepoteza mali yake. Ubaya wake, jibu linakuja kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na pale pa kushonea ndipo makosa yanapojificha.

Kwa ushonaji huo wana orodha ya "vituo vya kubadilishana", maeneo machache ambayo pande zote mbili zimekubaliana kwamba hapa ndipo safari inapokabidhiwa. Hapa mjini kwangu Basel kuna Badischer Bahnhof: stesheni imesimama kwenye ardhi ya Uswisi, inaendeshwa na reli ya Ujerumani. Ina namba mbili, ya Kijerumani inayoanza na 80 na ya Kiswisi inayoanza na 85. Mfumo usiojua kwamba hizo namba ni mahali pamoja unakwambia ushuke utembee kutoka stesheni hiyo hadi stesheni hiyohiyo.

Ningekuwa wewe ningebaki na chungu kimoja, huna majirani wa kuongea nao bado. Lakini Namanga, Holili, Horohoro na Sirari zifanye vituo vya kubadilishana tangu leo, kila kimoja na namba zake za pande mbili, kama alivyosema mzee konda. Siku TRC (reli ya Tanzania) au Kenya Railways wakifungua mlango wao, utakuwa na pa kushonea.

Mbishi_Halisi:

Hapo kwenye stesheni ya nchi mbili nimenyoosha mikono. Endeleeni.

Mwana_wa_Tanganyika:

Mimi ni wa Kigoma, nasoma Bujumbura. Mnaongelea Kenya na Tanzania, mna raha, saa zenu ni moja. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma ya Tanzania. Ukitoka Manyovu saa nne asubuhi, unaweza kumaliza Mugina saa tatu na dakika ishirini. Umefika kabla hujaondoka. Mfumo wako utafanyaje?

FundiRatiba:

Swali zuri mno, nimelala nalo. Jibu la GTFS ni hili: ndani ya faili moja, saa zote zinaandikwa kwa saa za nyumbani kwa kampuni, hata kwa kituo kilichoko nchi nyingine. Basi la Kampala kwenda Kigali linaandikwa lote kwa saa za Kampala. Kituo cha Kigali unakipa alama ya saa zake za hapo, ila alama hiyo ni ya kumwonyesha abiria tu, hesabu haiguswi. Na kampuni za saa tofauti haziruhusiwi kukaa faili moja, kwa hiyo ya Burundi itakaa faili lake.

Makosa yanaingia pale anayeandika anapokopi ratiba ya ukutani Kigali, ambayo ni ya saa za Kigali. Basi linakuwa limekimbia saa nzima haraka zaidi.

Jambo la kuchekesha kwetu waswahili: basi linaloondoka saa nne usiku na kufika saa saba na nusu usiku, GTFS inaandika 22:00 na 25:30, ili siku isikatike katikati ya safari. Hii imekuwa muhimu Tanzania tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena Oktoba 2023. Kwa hiyo katika faili moja nina saa ya tiketi (7:30 usiku), saa ya ukutani (01:30), na saa ya mashine (25:30), zote kitu kilekile. Ndiyo maana mama mdogo aliachwa.

Suluhisho langu sasa: kila saa ninayoingiza lazima iwe na neno lake, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Bila neno programu inakataa, nampigia simu mkata tiketi.

Jamaa_wa_Likoni:

Niaje wakubwa. Naongea kama mtu wa Mombasa. Naona fundi umemtoa shemeji treni Miritini ukampeleka mjini, akavuka feri ya Likoni, ndio ashike gari ya Lunga Lunga. Hiyo ni ya kizamani kiasi. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, kutoka upande wa Miritini unaingia South Coast bila kugusa feri. Shida ni matatu: ukishuka treni hakuna steji ya moja kwa moja, ni teksi au boda. Kwa hivyo mwenye pesa Dongo Kundu, asiye nazo Likoni, na feri kwa mtu wa miguu ni bure.

Ingine: treni ya usiku, ile ya saa nne, inafika Miritini kabla hakujakucha. Ratiba yako itasema "subiri dakika 20, panda gari". Gari gani saa hiyo na mizigo? Mwambie mtu ukweli, kwamba atakaa stesheni hadi kupambazuke.

FundiRatiba:

Nimeipokea, bwana. Umenikumbusha kosa langu kubwa kuliko yote. Injini hizi zimetungwa kwa sehemu ambapo treni ikichelewa, kuna nyingine. Kwetu boti ya mwisho ya Zanzibar ikiondoka alasiri, umelala Dar, na tiketi zako zote ni za makampuni tofauti, hakuna anayewajibika kwa mwenzake. Kwa hiyo "kufika mapema kabisa" si swali sahihi. Swali ni: kipande kimoja kikichelewa, natupwa wapi?

Nimeanza kuongeza kitu kidogo. Kila jibu linaonyesha pia chombo *kinachofuata* baada ya kile ulichopangiwa. Ukiona "kinachofuata: kesho saa 1 asubuhi" kwa rangi nyekundu, unajua hapo pa kuombea dua au pa kuondoka mapema.

Kwa mipaka naachana na zile dakika 15. Kila kituo kitakuwa na vituo vidogo viwili kwa mwelekeo, na muda wa aina tatu: basi kubwa, shatoo, na mtu wa miguu. Ila namba sina. Za Namanga mzee konda ameahidi kunisaidia kwenye simu. Horohoro sina hata moja. Nani anapita huko wikiendi hii?

MamaKitenge_Holili:

Holili nitakuhesabia mimi Jumatano na Jumamosi, nikienda sokoni na nikirudi. Kwa saa ya simu au saa yetu?

FundiRatiba:

Saa yetu mama, ila andika "asubuhi".

Kitangiri:

Mimi Jumapili nakwenda msibani Kwale kutokea Tanga, napita Horohoro na basi kubwa. Nitawasha saa tukisimama na kuizima konda akigonga bodi.

Kitangiri:

Nimerudi wakuu. Kwenda: dakika 52. Kati ya hizo, 31 tulimsubiri mzee mmoja ambaye kadi yake ya manjano ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa chini ya mabegi yote kwenye buti. Kurudi: dakika 18, mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyetaka kuzubaa.

KondaMstaafu:

Andika 52, kijana. Mzee wa begi yumo kila basi.